Habari za Samaki-Jiwe

Somo letu la mwezi huu lahusu samaki akaaye katika miamba ya bahari upande wa kusini mashariki wa kisiwa cha Unguja, karibu na mji wa Makunduchi. Samaki huyu hana uzuri wa kutazamwa, wala haendi mbali, wala hamfukuzi mtu. Hata hivyo watu waendao mwambani humwogopa kuliko samaki wengi walio wakubwa kuliko yeye na wenye meno makali. Jina lake katika pwani yetu si moja, maana kila mahali pana maneno yake. Lakini hapa tutamwita samaki-jiwe, kwa kuwa jina hilo laeleza umbo lake na desturi yake pia. Ninyi mlio wadogo kaeni karibu na yule asomaye; na yeye asomaye asiende mbio, maana yamo humu mambo ambayo mtoto hana budi kuyajua kabla ya kutia mguu wake baharini.

Kwanza mjue mahali penyewe. Wengi wenu mwakaa milimani, Usambara au Kilimanjaro, au huko Bukoba kando ya ziwa, wala hamjapata kuona maji yakiondoka na kurudi. Ziwa hukaa mahali pake, lakini bahari hupwa na kujaa mara mbili kila siku. Tena mwezi uandamapo, na mwezi uwapo mpevu, huja siku za bamvua. Ndipo maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti ya kujaa na kupwa hupita meta 3, yaani kuzidi urefu wa mlango wa nyumba. Pwani ya Makunduchi imekingwa na mwamba wa matumbawe uliokaa mfano wa ukuta, na mawimbi ya bahari kuu huvunjika juu yake. Kati ya mwamba huo na mchanga wa pwani pana uwanda mpana wa maji haba, wenye majani ya bahari, mawe, na vidimbwi vingi. Siku za bamvua maji ya mchana hupwa karibu na saa nne asubuhi, na uwanda ule hubaki nusu mkavu, hata mtu aweza kwenda kwa miguu mpaka karibu na mwamba.

Makunduchi ni mji wa zamani, ujulikanao Tanzania nzima kwa sikukuu ya Mwaka Kogwa ifanywayo kila mwezi wa Julai. Watu wake ni wakulima na wavuvi, nao huijua ratiba ya maji kama ninyi mjuavyo saa ya kengele ya shule. Maji yakipwa, wanawake hutoka na vikapu vyao na fimbo zao. Wengine hutafuta pweza katika mashimo ya mawe, wengine hutafuta chaza na kombe, na wengine huenda kwenye mashamba ya mwani, kilimo kilichoanza kuenea katika pwani ya mashariki ya Unguja tangu mwaka 1989. Watoto nao huwafuata mama zao, wakirukaruka kutoka jiwe hata jiwe. Basi, nyayo nyingi hupita mahali hapo kila bamvua, na mahali hapo hapo ndipo alalapo samaki wetu.

Sasa mtazameni. Mkubwa wao hufika sentimeta 40, lakini wengi ni wafupi kuliko hapo, kama urefu wa mguu wa mtu mzima tangu kisigino hata kidole. Kichwa chake ni kinene na kipana, mdomo wake waelekea juu, na macho yake ni madogo, yamekaa juu ya kichwa. Hana magamba kama samaki mwingine. Ngozi yake ni laini, tena imejaa vinundu vinundu kama chunjua. Katika kitabu kilichoanzwa na mtaalamu wa Ujerumani aitwaye Bloch, na kumalizwa na mwenzake Schneider mwaka 1801, samaki huyu alipewa jina la Kilatini ambalo maana yake ni mwenye chunjua. Sioni kwamba walimwonea. Rangi yake ni ya kijivu au ya hudhurungi, pengine ina mabaka mekundu au ya manjano, kwa kadiri ya mawe anayokaa kati yake. Na kwa kuwa hatikisiki, majani madogo ya bahari humwota mwilini kama kuvu uotavyo juu ya jiwe la kisimani. Kisha ana mapezi mawili mapana ya kifuani, ambayo huyatumia kama jembe: hufukua mchanga chini yake, akajizika humo, hata yakabaki macho na mdomo na sehemu ya mgongo tu.

Labda ninyi wa bara mwasema, "Sisi hatuna mnyama kama huyo." Mnaye! Mfikirini yule nyoka aitwaye kifutu, ambaye wengine humwita moma. Nyoka wengine wakisikia kishindo cha mtu hukimbia; kifutu hulala njiani, rangi yake ni rangi ya majani makavu, naye hutumaini kwamba hataonekana. Watu hukanyagwa na bahati mbaya kwa sababu wao humkanyaga yeye. Samaki-jiwe ana tabia ya namna hiyo hiyo. Hutumaini kutoonekana kuliko kukimbia, na hata ukimkaribia sana haondoki mahali pake.

Kwa nini ajifiche hivyo? Yako mambo mawili, nayo msiyachanganye, maana watu wazima wengi huyachanganya. La kwanza ni chakula. Samaki-jiwe hula samaki wadogo na kamba, naye hawafuati. Hungoja tu, saa baada ya saa, mpaka mmoja apite karibu na mdomo wake, asijue kwamba jiwe lile lina tumbo. Hapo hufumbua kinywa chake kwa ghafula, maji hukimbilia ndani, na samaki mdogo huchukuliwa pamoja na maji. Wataalamu waliopima jambo hili wasema tendo lote humalizika kwa muda mdogo kuliko sehemu moja ya hamsini ya sekunde moja, yaani kabla hujamaliza kufumba na kufumbua jicho. Katika kuwinda huku sumu haitumiki hata kidogo. Kinywa chake hakina sumu, wala hamng'ati mtu.

La pili ni kujikinga. Hapo ndipo sumu ilipo. Mgongoni mwa samaki-jiwe pana miiba kama 13, iliyo minene na migumu, nayo hufunikwa na ngozi, hata ukitazama huioni. Akisumbuliwa huisimamisha. Kila mwiba una vifuko viwili vya sumu, kimoja upande huu na kimoja upande huu, na katika mwiba wenyewe pana mifuo miwili, mfano wa mifereji midogo, ipandayo mpaka ncha. Baadhi ya papa na taa hula samaki wa namna hii, na miiba hiyo ni silaha ya kuwazuia adui kama hao. Haikuumbwa kwa ajili ya mguu wa mwanadamu.

Lakini tazameni jinsi ifanyavyo kazi. Nyoka mwenye sumu akiuma, yeye mwenyewe hukamua sumu yake kwa nguvu ya misuli yake. Samaki-jiwe hana uwezo huo. Miiba yake husimama tu. Mguu ukishuka juu yake, ncha huingia katika wayo, ngozi iliyofunika mwiba husukumwa chini, vifuko hubanwa, na sumu hupanda katika mifuo ile na kuingia katika jeraha. Ni nani basi aliyeikamua sumu? Ni mtu mwenyewe, kwa uzito wa mwili wake. Kadiri anavyokanyaga kwa nguvu, ndivyo sumu inavyozidi kuingia. Mtoto arukaye kutoka juu ya jiwe na kushuka kwa miguu yote miwili hujidhuru kuliko mtoto atembeaye taratibu. Ndiyo sababu mama akimwona mwanawe anarukaruka mwambani humwita kwa sauti kali, na mtoto hudhani kwamba mama anamkataza kucheza.

Hapa nataka kuwaeleza neno jingine, kwa sababu watoto huuliza, "Je, samaki mwenye sumu aliwa?" Katika bahari sumu ni za namna nyingi. Mnamjua bunju, yule samaki avimbaye kama mpira? Sumu yake imo ndani ya mwili wake, hasa katika maini na mayai, wala haiharibiki kwa kupikwa. Chemsheni, kaangeni, sumu itabaki, nayo imeua watu katika pwani nyingi za dunia. Yuko tena chafi, ambaye watu wa Mombasa humwita tasi. Huyu ni kitoweo kizuri sana, nanyi mlio pwani mmemla mara nyingi. Lakini ana miiba midogo yenye sumu hafifu, na mpishi amsafishaye bila uangalifu huwashwa na kuumwa kidole. Samaki-jiwe, pamoja na ukali wake wote, yuko upande wa chafi na si upande wa bunju: sumu yake i katika miiba, nayo huharibiwa na moto. Huko Ujapani na China wako watu wamlao. Mimi nawaachia wao.

Kwa nini moto huiharibu? Mwombeni mama yai moja, mlitazame kabla ya kupikwa na baada yake. Ute wa yai bichi ni kama maji mazito. Ukipata moto hugeuka kuwa mweupe na mgumu, wala haurudi kuwa kama zamani hata ukipoa. Ute ule ni kitu kiitwacho protini, na sumu ya samaki-jiwe nayo ni ya jamii hiyo hiyo. Joto huigeuza, na ikigeuka haiwezi tena kufanya kazi yake. Likumbukeni neno hili la yai, kwa maana tutalihitaji sasa hivi.

Mtu akichomwa huwaje? Maumivu huja mara moja, nayo huzidi kwa dakika nyingi mpaka mtu mzima mwenye nguvu hulia kama mtoto. Mguu huvimba, pengine mpaka juu ya goti. Mtu hutoka jasho, hutapika, huona kizunguzungu, na wengine huzimia. Habari za watu waliokufa kwa kuchomwa zipo, nazo ni chache. Jambo la kuogofya zaidi ni hili, kwamba mtu huchomwa akiwa ndani ya maji au mbali na nchi kavu, na maji yamo katika kurudi. Akizimia hapo, bahari itamwua kabla ya sumu.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kumtoa majini. Mtoto aliyechomwa apige kelele, asijifiche kwa hofu ya kugombezwa. Na wenzake wasikimbie wote, bali mmoja akae naye na mwingine awaite wakubwa. Huyo aliyechomwa achukuliwe hata ufukoni, alazwe, atulizwe. Wakubwa wauondoe mwiba kama waonekana na watoka kwa urahisi. Kisha uletwe mkono wa yai: maji ya moto. Yawe ya moto kwa kadiri ambavyo mtu aweza kuvumilia bila kuungua, yaani kama digrii 45, yasizidi hapo. Mtu mzima ayajaribu kwanza kwa mkono wake mwenyewe, kwa maana aliyechomwa, kwa ukali wa maumivu yake, hawezi kupima vema, na wako waliotiwa katika maji yachemkayo wakapata jeraha la pili lililo baya kuliko la kwanza. Mguu ukae humo nusu saa, hata saa moja na nusu, na maji yakipoa yaongezwe mengine ya moto. Joto hilo halitoshi kupika yai, nayo sumu iliyokwisha kuingia ndani sana haifikiwi yote. Lakini watu wengi hupata nafuu kubwa ya maumivu.

Msikate jeraha kwa wembe. Msifunge mguu kwa kamba wala kitambaa cha kukaza, kwa maana sumu ikikazwa mahali pamoja huiharibu nyama ya mahali hapo. Msinyonye jeraha kwa kinywa, wala msimwage mafuta ya taa juu yake. Mambo haya yote yamefanywa kwa miaka mingi na watu wenye nia njema, nayo hayakumponya mtu. Baada ya maji ya moto, au hata kabla ikiwa mgonjwa amezimia au apumua kwa shida, apelekwe hospitali. Makunduchi pana hospitali, kwa hiyo safari si ndefu. Daktari atatazama kama kipande cha mwiba kimebaki ndani, atatuliza maumivu, naye atamkinga mgonjwa na pepopunda, ugonjwa uwezao kuingia kwa njia ya tundu dogo kama hilo.

Labda wako wasemao kwamba haya huwapata watoto na wajinga tu. Sivyo. Katika Afrika Kusini alikuwako profesa mmoja, J.L.B. Smith, ambaye alikuwa mtaalamu mkubwa wa samaki katika upande wetu wa dunia. Ndiye aliyemtambua mwaka 1939 yule samaki wa kale aitwaye silakanti, ambaye watu walidhani ametoweka tangu zamani mno. Profesa huyu alimjua samaki-jiwe vizuri, ndani na nje. Hata hivyo alipokuwa akifanya kazi mwambani Pinda, kaskazini ya Msumbiji, alichomwa mkononi, naye mwaka 1951 akaandika habari hiyo katika jarida la wataalamu, akieleza maumivu yake, na nafuu aliyoipata kwa maji ya moto. Huko Australia, ambako samaki wa jamii hii wako wengi, tangu mwaka 1959 ipo dawa ya kuipinga sumu yenyewe, iliyotengenezwa kwa msaada wa farasi: farasi hutiwa sumu kidogo kidogo, damu yake hujifunza kuipinga, na sehemu ya damu hiyo husafishwa na kuwa dawa ya mtu. Dawa hiyo haipatikani kila mahali, na kwa sababu hiyo maji ya moto hayajapoteza heshima yake.

Sasa turudi kwa miguu yetu. Mtu asiende mwambani miguu mitupu. Malapa, ambayo wengine huyaita kandambili, hayatoshi, maana mpira wake ni mwembamba na mwiba huu hupenya, tena kando za mguu zi wazi. Viatu vyenye soli nene na vilivyofunika mguu ni afadhali, ingawa hata hivyo haviwi ngao kamili. Fimbo yafaa sana. Igusisheni mchanga na jiwe kabla ya kuweka mguu, na msiweke mkono katika shimo msiloona ndani yake. Wako wafundishao kuburura nyayo katika mchanga badala ya kuinua mguu. Hilo ni shauri jema kwa ajili ya taa, kwa sababu taa akisikia mchanga unatikisika huondoka zake. Samaki-jiwe haondoki. Kwake yeye fimbo na macho ndivyo vifaavyo.

Na macho nayo yafaa kufundishwa. Pale mwambani yuko samaki mwingine wa ukoo wake, ambaye wengi humwita samaki-simba: ana michirizi myekundu na myeupe, na mapezi marefu kama manyoya ya ndege, naye huelea polepole mbele ya watu wote. Ana sumu pia, lakini huitangaza kwa rangi zake, na mtoto mwenye macho humwona mbali. Samaki-jiwe hutafutwa kwa namna nyingine. Tazameni jiwe lenye umbo la mdomo ulioinama, mfano wa mwezi mwandamo uliogeuzwa chini juu. Tazameni jiwe ambalo mchanga wa kando yake umefukuliwa. Wanawake waliozoea kutafuta pweza huzitambua dalili kama hizo kwa mazoea ya miaka mingi. Mtoto atakaye kujifunza na atembee nyuma yao, akikanyaga pale walipokanyaga.

Maji yanapopwa sana, pengine samaki-jiwe huachwa katika kidimbwi kidogo, au hata juu ya mchanga ulio na unyevu tu. Mtoto mwenye huruma ataona amekauka, adhani amekufa au anakaribia kufa, atake kumwokota na kumrudisha majini. Asimguse. Samaki huyu aweza kukaa nje ya maji kwa saa nyingi akiwa hai, na miiba yake yafanya kazi juani kama ifanyavyo majini. Hata aliyekufa huchoma. Mwonyesheni mtu mzima mahali alipo, mkapite mbali naye. Mchana maji yataanza kurudi, yatapita juu ya mwamba, yatajaza vidimbwi kimoja baada ya kimoja, na kufika alasiri uwanda wote utakuwa bahari tena, naye atakuwa pale pale, kinywa kikielekea juu, akiwangoja kamba.